Machozi yapi ni sonona? Afya ya akili ya mama anayesitisha ujauzito kwa sababu ya kasoro za mtoto

Kasoro nyingi za kimaumbile hugunduliwa kwenye ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22. Kufikia hapo tumbo limeshaonekana, mtoto ameanza kucheza, na pengine jina limeshachaguliwa. Mama anaingia chumba cha kipimo akitarajia kuambiwa ni wa kike au wa kiume. Anatoka akiwa amesikia kwamba fuvu halikuumbika, au figo zote mbili hazipo, au moyo una upande mmoja tu unaofanya kazi. Siku chache baadaye anatakiwa aseme kama ataendelea na ujauzito au atausitisha.

Mimba hii aliitaka. Tunaliweka hili mbele kwa sababu makosa mengi katika kumhudumia mama huyu huanzia pale watu wanapolisahau.

Hata lugha haijamwekea nafasi. Mimba "kuharibika" ni jambo linalojitokea lenyewe, bila uamuzi wa mtu. "Kutoa" mimba, masikioni mwa wengi, ni kuikataa. Yeye ameamua, na hajaikataa. Ndiyo maana wengi hurudi nyumbani na kusema tu kwamba mimba imeharibika. Uongo huo unaeleweka kabisa, lakini una bei yake, na tutaurudia. Katika makala hii tunasema "mama" na "mtoto" kwa kuwa ndivyo wengi wao wanavyojisikia, na mhudumu anayesema "kijusi" mbele ya mama anayesema "mwanangu" tayari ameshamwacha peke yake.

Takwimu nazo zinahitaji uangalifu. Utafiti maarufu wa Turnaway wa Marekani uliwafuatilia wanawake wapatao 1,000 kwa miaka 5 na haukuona kwamba kutoa mimba kunaharibu afya ya akili. Lakini utafiti huo haukuwahusisha waliositisha kwa sababu ya kasoro za mtoto. Ulihusu mimba zisizotakiwa. Kumtuliza mama wetu kwa matokeo hayo ni kumvika nguo ya mtu mwingine. Takwimu zinazomhusu zaidi zilitoka Uholanzi mwaka 2009: miezi 4 baada ya kusitisha, 28% ya wanawake walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha ugonjwa, na 46% walikuwa na dalili za mshtuko wa kiwango hicho. Baada ya miezi 16 idadi zilishuka hadi 13% na 20.5%. Kwa hiyo wengi hupona, wapo wanaobaki nyuma, na mshtuko huwapata wengi kuliko sonona. Anayeulizia sonona pekee atawakosa wengi.

Mambo manne yanayofanana sura

Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi. Mama analia akiona nguo za mtoto, kisha saa moja baadaye anaweza kula, kuongea na mtu, hata kucheka kidogo halafu akashangaa kwamba amecheka. Anajua anachokililia. Huzuni hii haihitaji dawa. Inahitaji muda, watu, na ruhusa ya kulia.

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, haina mawimbi. Inakaa. Hamu inaondoka hata kwa vitu visivyohusiana kabisa na msiba. Madaktari huhesabu dalili 9: moyo kuwa mzito, kupoteza hamu, usingizi kuvurugika, ulaji kubadilika, uchovu, kujiona hufai au kujihukumu kupita kiasi, akili kutotulia kwenye jambo, mwendo kuwa mzito au mtu kuhangaika asitulie, na mawazo ya kifo. Zikiwepo 5, mojawapo ikiwa kati ya mbili za kwanza, karibu kila siku kwa wiki 2, na maisha yake yakayumba kwa sababu hiyo, hiyo ni sonona. Zamani mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliwataka madaktari wasiite sonona hali ya mtu aliyefiwa karibuni. Toleo la 2013 liliondoa sharti hilo, kwa kuwa msiba haumkingi mtu na ugonjwa. Anaweza kuwa navyo vyote viwili. Na "msongo wa mawazo", neno linalotumika ovyo siku hizi, ni kitu kingine: ni mzigo unaoelemea, na ukitolewa mtu hupata nafuu.

Jambo la tatu ni jeraha la mshtuko. Mama anaiona tena ile skrini, mpimaji aliyenyamaza ghafla, mlango uliofungwa. Anaota. Anapita njia ndefu ili asione hospitali. Mlio wa mashine unamrusha. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi 1 zinahitaji tiba yake maalumu, na tiba hiyo si ile ya sonona.

La nne ni hatia, na hapa ndipo watu huchanganya zaidi. Hatia si majuto. Mama anaweza kuamini kwamba aliamua sawa na bado akajiona mkosaji, kwa sababu mkono wake ndio uliotia saini. Katika utafiti uleule wa Uholanzi, waliosema wanajutia sana uamuzi wao walikuwa 2.7% tu, ilhali waliokuwa na dalili za ugonjwa walikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Basi maumivu makali hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya, wala utulivu hauthibitishi kwamba hakumpenda mtoto. Mshauri anayekimbilia kumwambia "ulifanya sawa" kila anapolia anajibu swali ambalo huenda hakuulizwa.

Anayehitaji kuangaliwa kwa karibu

Aliyewahi kuugua sonona au wasiwasi mkubwa kabla ya mimba hii yuko mbele ya foleni. Wengine ni aliyekuwa na shaka nyingi alipoamua, ambaye mwenzake hakusimama naye, ambaye mimba ilikuwa imeenda sana, na ambaye imani yake inapingana na alichokifanya. Kuna pia aina ya kasoro. Pale ambapo mtoto asingeishi kabisa, mama huweza kujiambia kwamba kifo kilikuwa kinakuja. Pale ambapo mtoto angeweza kuishi, kama ilivyo kwa kromosomu (uzi wa urithi) ya 21 iliyozidi, yaani hali ya Down, uamuzi unabaki mabegani mwake mzima mzima.

Na mtabiri mkubwa kuliko wote katika utafiti ule wa Uholanzi ni hali ya mama ya mwezi wa 4. Aliyekuwa mgonjwa wakati huo ndiye aliyeelekea kubaki mgonjwa. Bahati mbaya, miadi mingi ya baada ya kusitisha huishia wiki ya 6.

Kinga inaanza chumba cha ushauri

Kwa kuwa shaka wakati wa kuamua huzaa matatizo baadaye, namna habari inavyotolewa ni sehemu ya tiba. Kipimo cha damu ya mama kinachoangalia kromosomu za mtoto, kinachoweza kufanyika tangu wiki ya 10, ni cha kuchuja tu. Kikionyesha tatizo bado inatakiwa sampuli ya kondo la nyuma, ambayo huchukuliwa kuanzia wiki ya 11 hivi, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Majibu ya haraka ya kromosomu chache hutoka ndani ya siku 2 au 3. Majibu kamili huchukua kama wiki 2. Mama anayesitisha kwa jibu la kuchuja pekee anaweza kubaki na swali lisilo na wa kulijibu, na swali hilo hurudi usiku.

Isipokuwa maisha yake yamo hatarini, au muda unaoruhusiwa na sheria ya nchi yake unakaribia kwisha, siku chache za kufikiri hazimdhuru. Aje na mtu anayemwamini, kwa sababu aliyeshtuka husikia sentensi mbili za kwanza na kupoteza zilizobaki. Aandikiwe jina la kasoro. Aelezwe mtoto mwenye kasoro hiyo huishi vipi na kwa muda gani, nini kina uhakika na nini ni makadirio. Aelezwe pia njia ya pili: kuendelea hadi kujifungua, mtoto akipewa huduma ya kumpunguzia maumivu na kumbeba kwa muda atakaokuwa nao. Upo utafiti wa mwaka 2015 kuhusu watoto waliokosa fuvu na sehemu kubwa ya ubongo, ambapo waliositisha walikuwa na sonona na kukata tamaa zaidi ya walioendelea. Lakini wanawake hawa walichagua wenyewe, na wanaochagua njia tofauti walikuwa tofauti tangu mwanzo. Kwa hiyo utafiti huo hauwezi kutumiwa kumsukuma mama upande wowote. Unachofundisha ni kwamba njia zote mbili zitajwe, kwa sauti ileile.

Kupima sonona siku ya habari mbaya kunasaidia kidogo tu. Karibu kila mama atapata alama za juu, na zinachopima ni kishindo. Siku hiyo la kuuliza ni historia: amewahi kuugua akili, kutumia dawa zake, kujaribu kujidhuru? Nani yuko nyumbani usiku huu?

Njia za kusitisha katika miezi mitatu ya kati ni mbili: upasuaji wa kusafisha mji wa mimba, au dawa zinazoleta uchungu hadi mtoto azaliwe. Utafiti uliolinganisha njia hizo haukuona tofauti ya sonona wala huzuni miezi 4 na miezi 12 baadaye. Upasuaji ni mfupi na mama yuko usingizini. Uchungu unampa nafasi ya kumwona mtoto akiwa mzima. Kinachosaidia ni yeye kuchagua pale zote zinapopatikana. Akichagua dawa, ajue kwamba ile ya kwanza humezwa saa 24 hadi 48 kabla ya ya pili, na kwamba wengi huona kumeza kidonge hicho cha kwanza ni kugumu kuliko yote yanayofuata. Asikimeze akiwa peke yake. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha. Wapo wanaoamini wanastahili kuumia na hawataiomba. Mimba ikiwa imevuka wiki ya 22 hivi, mara nyingi moyo wa mtoto husimamishwa kwanza kwa sindano. Hilo aambiwe mapema, ameketi, na mtu anayemjua. Asilisikie kwa bahati mbaya koridoni.

Kumwona mtoto ni jambo la kutolewa, si la kulazimishwa. Mkunga amweleze kwanza: ukubwa wake, rangi ya ngozi, kasoro ilipo, na vilivyo kamili, kwa kuwa vidole na masikio huwa mara nyingi ni kamili. Kinachofikiriwa kwa kawaida hutisha kuliko kilichopo. Akikataa, chapa ya nyayo na picha viwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye faili lake. Wapo wanaoirudia baada ya mwaka.

Mwili ambao haujapata habari

Hapa ndipo wengi hawaandaliwi kabisa. Kondo la nyuma likitoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka kwa kasi, sawa na kwa mama aliyejifungua mtoto hai. Siku ya 3 hadi ya 5 machozi hutoka bila sababu mpya, hasira inapanda, usingizi unapotea. Hali hii hupungua yenyewe ndani ya wiki 2. Ikivuka hapo, tunaanza kufikiria sonona.

Maziwa nayo yanakuja. Mimba iliyofika wiki ya 16 au zaidi inaweza kuyaleta, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 4, wakati mama ameshatoka hospitali. Kuamka na kifua kilicholowa, bila mtoto, ni moja ya mambo ambayo wanawake hawa huyakumbuka kuliko upasuaji wenyewe. Aambiwe kabla hajaondoka. Avae sidiria inayoshika vizuri usiku na mchana, aweke kitambaa baridi kwa dakika 10 hadi 15, na ameze dawa ya maumivu. Asikamue kumaliza; akizidiwa, akamue kidogo tu apate nafuu, kwa sababu titi lililokamuliwa huambiwa litengeneze tena. Ipo pia kabergolini, miligramu 1 mara moja tu, ndani ya siku ya kwanza au mbili, inayozuia maziwa. Hapewi mwenye shinikizo la damu lililopanda wala aliyewahi kuchanganyikiwa akili, na huamuliwa na daktari.

Kabla ya kuita uchovu sonona, apimwe damu. Aliyevuja sana na kubaki na upungufu wa damu huchoka, moyo humwenda mbio na akili haitulii. Tezi ya thairoidi inaweza kuvurugika katika miezi ya baada ya mimba na kuleta picha hiyohiyo.

Halafu kuna mambo madogo yanayochoma. Programu ya simu inaendelea kumwambia mtoto sasa ana ukubwa wa embe. Kliniki inamtumia ujumbe wa miadi. Analazwa wodi yenye vichanga, au anarudi kukaguliwa kwenye benchi la wajawazito. Yote yanaondolewa kwa mtu mmoja kuandika alama kwenye faili na kupiga simu mbili.

Kupima kwa wakati wake

Kipimo cha Edinburgh, dodoso la kupima dalili za sonona lililotolewa mwaka 1987, kinafaa hapa, ingawa kilitengenezwa kwa waliojifungua. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, na hakuna swali linalomtaja mtoto. Alama 10 zinataka mazungumzo; 13 na kuendelea zinataka uchunguzi kamili. Lakini lisisomwe jumla tu. Swali la 3, la kujilaumu, mama huyu atalijaza kwa sababu za wazi. Akipata 11, nyingi zikitokana na kujilaumu, kulia na kukosa usingizi, huku akisema bado anatazamia mambo kwa furaha, hali yake ni tofauti na ya mwenye 11 ambaye hakuna tena kinachomfurahisha. Swali la 10 linauliza kuhusu kujidhuru, na jibu lolote lisilo sifuri linazungumzwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ni 4.

Ratiba tunayoiona ina mantiki ni wiki ya 2, wiki ya 6, mwezi wa 4, na siku za karibu na tarehe aliyotarajia kujifungua. Tarehe hiyo mara nyingi huangukia kwenye mwezi wa 4 au wa 5 baada ya tukio, wakati ambao jamaa wameshaacha kuuliza.

Akisema anataka kufa, aulizwe wazi: anafikiria kufanyaje, ana kitu cha kutumia, ameshapanga lini? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu, na apelekwe kwa dharura. Vivyo hivyo akianza kusikia sauti, kukesha siku mfululizo bila kuchoka, au kuamini mambo yasiyokuwepo.

Tiba, na inapokwama

Kwa sonona ndogo hadi ya wastani, anza na mazungumzo ya kitaalamu. Tiba ya mahusiano hufanya kazi moja kwa moja na msiba na ugomvi wa nyumbani, kwa vikao 12 hadi 16 vya kila wiki. Tiba ya fikra na tabia humsaidia kuikamata hukumu anayojisomea, kwa mfano "nimemuua mwanangu", na kuipima neno kwa neno badala ya kuifukuza. Kwa mshtuko, ipo tiba ya fikra inayolenga tukio lenyewe, na ipo ile ambayo mgonjwa hulikumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Kikao kimoja cha kumlazimisha aeleze kila kitu usiku uleule hakisaidii, na hakipendekezwi.

Sonona ikiwa kali, au mazungumzo yakishindwa, dawa huongezwa. Sertralini huanzishwa kwa miligramu 25 au 50 kwa siku. Kichefuchefu na wasiwasi huja wiki ya kwanza, nafuu huja kati ya wiki ya 2 na ya 6. Ndiyo maana wengi huiacha wiki ya 2: madhara wameyaona, faida bado. Akipona aendelee miezi 6 au zaidi, kisha apunguze taratibu. Kabla ya kuandikiwa aulizwe kama amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala, maana kwa mtu huyo dawa hii peke yake inaweza kumrudisha kwenye kipindi cha namna hiyo. Na anayetaka kubeba mimba tena asipewe valproati, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, inayoongeza uwezekano wa mtoto kuwa na mgongo wazi.

Kosa la kawaida kuliko yote ni diazepamu ya kumlaza. Usiku wa kwanza inaonekana rehema. Baada ya wiki chache usingizi haupo bila kidonge, na huzuni iko palepale.

Uongo wa "mimba iliharibika" unarudi hapa. Mtu anayesikia kwamba imeharibika humwambia "Mungu hakupanga", na mama anabaki na ile sehemu ambayo hakuna aliyeifariji, kwa sababu hakuna anayeijua. Halazimiki kuwaambia watu wote. Mmoja au wawili wanaojua ukweli wote wanatosha kubadilisha hali hiyo, na mwenzake asiwe peke yake kati yao, kwa kuwa naye anaomboleza. Wanaume wengi hurudi kazini mapema na kunyamaza. Mke huona hajali, mume huona akilia atamwongezea mzigo. Aulizwe naye, akiwa peke yake.

Mimba inayofuata

Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki 2 au 3, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla hajatoka hospitali. Majibu ya uchunguzi wa mtoto huchukua wiki kadhaa, na kikao cha kuyasoma ndicho kinachojibu "je, itajirudia?" Kromosomu ya 21 ikizidi kwa bahati tu, uwezekano wa kujirudia huwa karibu 1%, au ule wa umri wa mama ukiwa mkubwa zaidi ya huo. Kasoro ambayo wazazi wote wawili wamebeba chembe yake ya urithi hurudi kwa 25% katika kila mimba. Kwa mgongo wazi au kukosa fuvu, mama ameze asidi ya foliki miligramu 4 hadi 5 kila siku, kwa agizo la daktari, tangu angalau mwezi 1 kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Kiwango cha kawaida cha mikrogramu 400 ni kidogo mno kwake. Jaribio lililochapishwa 1991 lilionyesha kwamba miligramu 4 hupunguza kujirudia kwa 72%.

Anayetumia dawa ya sonona asiiache ghafla anapoona mistari miwili. Azungumze kwanza na daktari wake. Wasiwasi utapanda kadiri wiki aliyopewa habari mbaya mara ile inavyokaribia, kwa hiyo kipimo cha mapema cha wiki ya 12 na kingine cha wiki ya 16 vipangwe tangu mwanzo, chumba tofauti na kile cha kwanza kikipatikana. Mpimaji aelezwe kabla, na akubali kufanya jambo moja: kusema anachokiona tangu sekunde za kwanza, hata kama ni "moyo unapiga, sasa naangalia kichwa, sijamaliza."